Usiache Akokhan ifungiwe mandazi

Msee wa Kayole, wewe unayejinyima lanchi upate juzuu nyingine ya One Piece, poa sana. Hadithi hiyo ilianza 1997, imepita juzuu 100, na mwanzo wake bado unanunulika, kwa sababu sura za jarida la kila wiki hukusanywa na kuchapishwa upya kitabuni.

Sasa angalia rafu yako: Akokhan iko wapi? Frank Odoi, Mghana aliyeishi Nairobi hadi kifo chake 2012, alituchorea vita vya uchawi wa Kiafrika gazetini, kipande kwa kipande. Lakini gazeti la leo, kesho ni la kufungia mandazi.

Ukipata hata ukurasa mmoja, utunze. Nanyi wachapishaji, tuleteeni juzuu kamili mtaani, kwa bei ya mfuko wetu. Tutanunua.