Mbuzi Hazai Kila Jumanne: Mkopo wa Mfugo Ulipwe kwa Kalenda ya Mfugo



Leo siandiki kuhusu chanjo wala ujenzi wa banda. Naandika kuhusu deni, kwa sababu kwa hali ninayoiona kwa akina mama wafugaji, deni linanitia wasiwasi kuliko kupe. Kupe tunayo dawa yake. Deni la marejesho ya kila wiki bado hatujakubaliana hata kwamba ni ugonjwa.

Nasema wazi tangu mwanzo: kumkopesha mama fedha ya kununua mbuzi, kisha kumtaka aanze kurejesha wiki inayofuata, huko si kumwezesha. Ni kumwazima mbuzi kwa wiki chache, halafu kumfanya amuuze kwa hasara ili akulipe wewe.

Tupige hesabu pamoja

Chukua kalamu. Tuseme mama amekopa sh. 600,000 kupitia kikundi. Riba na gharama zote ni sh. 120,000, kwa hiyo atarejesha sh. 720,000 kwa wiki 24. Hiyo ni sh. 30,000 kila wiki.

Ananunua mbuzi majike 5 kwa sh. 90,000 kila mmoja. Jumla sh. 450,000. Zinabaki sh. 150,000 za banda, chumvi na dawa ya minyoo. Beberu ataazima kwa jirani.

Mimba ya mbuzi ni takriban siku 150, yaani wiki 21 na siku chache. Tumpe mama huyu bahati ambayo ni nadra: mbuzi wote 5 wamepandwa wiki ileile walipofika nyumbani. Watazaa wiki ya 22. Mpaka hapo mama ameshatakiwa kulipa sh. 660,000. Mkopo unapoisha, kitoto cha mbuzi kina wiki 2, bado kiko kwenye ziwa la mama yake. Ili kifike mnadani na kupata bei ya maana kinahitaji karibu mwaka mmoja.

Sasa jiulize, hizo sh. 720,000 zimetoka wapi? Kwa mbuzi haijatoka hata shilingi moja.

Ninavyoona, zinatoka hivi. Zile sh. 150,000 za banda na dawa zinalipa marejesho ya wiki 5 tu. Banda halijengwi, dawa hainunuliwi. Wiki ya 6 anauzwa mbuzi wa kwanza, tena kwa haraka, kwa hiyo aliyenunuliwa sh. 90,000 anaondoka kwa sh. 60,000. Hiyo ni wiki 2 za marejesho. Mbuzi wote 5 wakiuzwa hivyo ni sh. 300,000, sawa na wiki 10. Tano na kumi ni kumi na tano. Zimebaki wiki 9 na deni la sh. 270,000, na zizi ni tupu.

Hapo ndipo mama anaanza kulima vibarua, kuuza mahindi ya chakula cha watoto, au kwenda kwa mkopeshaji mwingine, wale mnaowaita kausha damu, achukue mkopo wa kulipia mkopo.

"Lakini akina mama wanarejesha vizuri!"

Hili ndilo jibu ninalopewa na maofisa mikopo, tena kwa kujivunia. Ndiyo, akina mama wanarejesha. Mwanamke wa kijijini anaogopa aibu kuliko njaa. Lakini marejesho mazuri yanaonyesha afya ya mkopeshaji. Afya ya mkopaji inapimwa zizini. Nenda uhesabu mbuzi mwaka mmoja baada ya mkopo kuisha. Kama walikuwa 5 na sasa hakuna hata mmoja, mkopo huo umefeli, hata kama daftari la ofisi limejaa tiki.

Wengine wananiambia marejesho ya kila wiki yanajenga nidhamu, na mama akipewa muda wa kupumua atazila fedha. Nidhamu ni jambo jema, na vikundi vya VICOBA vinaijenga kwa hisa za kila wiki. Mama akiweka hisa ya sh. 2,000 kila Jumanne anajifunza kuweka akiba, na akiba hiyo ni yake. Lakini huwezi kumfundisha mbuzi nidhamu ya kuzaa kila Jumanne.

Mtindo huu ulitoka wapi

Profesa Muhammad Yunus alianza kuwakopesha akina mama wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976. Kazi yake ilizaa benki ya Grameen, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wale akina mama wa mwanzo walikuwa wanasuka viti vya mianzi. Anayesuka kiti leo na kukiuza kesho anaweza kulipa kila wiki, na utaratibu wa wiki unamfaa. Vivyo hivyo mama muuza maandazi, au mchuuzi wa dagaa.

Kosa letu ni kuchukua ratiba ya muuza maandazi na kumvisha mfuga mbuzi. Hata Grameen wenyewe hawakuganda: baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1998 wakopaji wengi walishindwa kulipa, na benki ikabadilisha taratibu zake ili aliyekwama aweze kupangiwa marejesho upya. Wenye mtindo wamelegeza, sisi tulioiga ndio tumekaza.

Upo pia utafiti wa Kolkata, India, uliochapishwa mwaka 2013. Wakopaji wa taasisi moja waligawanywa: wengine walianza kurejesha baada ya wiki 2, wengine wakapewa miezi 2 ya kupumua. Waliopumua waliweka fedha nyingi zaidi kwenye biashara, na miaka iliyofuata faida yao ikawa kubwa zaidi. Sifichi upande wa pili: walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Kwa hiyo muda wa kupumua una hatari yake, na hatari hiyo inahitaji kusimamiwa. Kwa mfugo, anayejua kuisimamia ni mtaalamu wa mifugo akishirikiana na kikundi. Kupiga hodi kila Jumanne hakuizuii.

Udhamini wa pamoja na kideri

Kikundi kinadhaminiana: mmoja akishindwa, wenzake wanamlipia. Kwa biashara mchanganyiko hili linafanya kazi, kwa sababu muuza nyanya akianguka, fundi cherehani bado amesimama. Lakini chukua akina mama 10 wa kitongoji kimoja, wote wamekopa kufuga kuku wa kienyeji. Kideri kikiingia hakiulizi nani ni mwenyekiti wa kikundi. Ndani ya wiki moja au mbili mabanda yote 10 yanaweza kubaki manyoya. Nani atamlipia nani?

Hapo ndipo tunashuhudia wanawake wakienda kubeba sufuria na kitanda cha mwenzao waliyecheza naye ngoma moja arusini. Mkopo uliokuja kuwaunganisha unawaachia uadui wa miaka.

Nasema hivi: dhamana ya kwanza ya mkopo wa kuku ni chanjo. Tone moja la kideri kwenye jicho la kila kuku, kila baada ya miezi 3. Mkopeshaji anayekagua vitambulisho vya wadhamini lakini haulizi tarehe ya chanjo, hajui amekopesha nini. Kwa mbuzi na kondoo, aulize chanjo ya sotoka. Kwa nguruwe, akubali ukweli kwamba homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na sisi wafugaji hatuna chanjo yake mkononi, kwa hiyo kinga ni kufungia nguruwe na kuzuia wageni bandani.

Halmashauri nazo zisikilize

Sheria, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Ni haki yenu, iombeni.

Lakini kukosa riba hakutoshi. Kikundi cha ufugaji kikipangiwa kurejesha kabla mfugo haujazaa, kitauza mfugo tu, riba iwepo au isiwepo. Na jambo jingine linanikera: afisa mifugo kuitwa siku ya kukabidhi hundi ili apige picha. Aitwe siku andiko la mradi linapojadiliwa. Aulizwe mbuzi wa aina gani, malisho yako wapi, maji yako wapi, na mwezi gani fedha itoke. Fedha ya mbuzi ikitoka kiangazi kikali, mama ananunua njaa kwa bei ya mbuzi.

Mbuzi wa mama, mnada wa baba

Tusifichane. Mama anakopa, mama anachunga, mama anadaiwa, lakini baba ndiye anayemswaga mbuzi mnadani. Kikundi kiandike kwenye daftari kila mfugo ulionunuliwa kwa mkopo: rangi, alama ya sikio, jina la mwenye nao. Mume asaini kama shahidi siku ya kwanza. Na ndugu zetu watendaji wa vijiji, kabla ya kuandika barua ya kuuza mfugo, ulizeni daftari la kikundi.

Nawe mchuuzi, siku ya marejesho unaijua kuliko mimi. Unajua Jumatatu jioni mbuzi anashuka bei. Naelewa, biashara ni kupishana bei. Lakini ukinunua mbuzi mwenye mimba kwa bei ya kutupa ukampeleka machinjioni, umenunua pia mbuzi wawili wa mwakani na kuwachinja. Mwakani utazunguka vijiji vitatu kutafuta mzigo ambao leo ungeupata kwenye kijiji kimoja.

Kila mfugo na kalenda yake

Hivi ndivyo ratiba ya marejesho inavyopaswa kuwa:

1. Kuku wa nyama: wanauzwa wakiwa na wiki 5 hadi 6. Alipe kwa mkupuo mmoja baada ya kuuza.
2. Kuku wa mayai: wanaanza kutaga karibu wiki ya 20. Wakishashika kasi ya kutaga, alipe kila wiki, kwa sababu mayai yapo kila siku.
3. Nguruwe: mimba ni miezi 3, wiki 3 na siku 3. Vitoto viachishwe wakiwa na karibu miezi 2, viuzwe, ndipo alipe.
4. Mbuzi na kondoo wa kuzalisha: marejesho makubwa yaanze baada ya mwaka na zaidi. Wa kunenepesha, alipe mara moja baada ya miezi kama 3, akishauza.
5. Ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa: alipe kila mwezi, kwani maziwa ni mshahara. Akiwa mtamba mwenye mimba, subiri azae.

Na njia iliyo bora kwa mbuzi tunaijua tangu zamani: kopa mbuzi, lipa mbuzi. Miradi ya "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe" iliwahi kufanyika mikoa kama Kagera na Kilimanjaro. Unapewa jike, unamtunza, jike la kwanza analozaa likishaacha kunyonya unampa mwenzako anayefuata. Deni linazaliwa zizini, linalipwa kutoka zizini. Vikundi vyenye akiba yao wenyewe vinaweza kuanza hata kesho, bila kumsubiri mkopeshaji yeyote.

Kabla hujasaini, uliza haya

- Rejesho la kwanza ni lini, na mfugo wangu utakuwa umefika wapi siku hiyo?
- Jumla nitakayolipa ni shilingi ngapi, riba, bima na fomu zote zikiwemo?
- Mfugo ukifa kwa ugonjwa na afisa mifugo akathibitisha, mkataba unasemaje?
- Mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na mkataba uko kwa Kiswahili?
- Kama mfugo usipoingiza kitu mpaka mkopo uishe, nitalipa kwa nini?

Swali la mwisho ukikosa jibu lake, rudisha fomu. Usione haya. Mama aliyerudisha fomu akabaki na mbuzi wake wawili ana mali kuliko aliyechukua laki sita akamaliza na zizi tupu.

Na nyie mnaokopesha, njooni tukae tupange ratiba upya. Kalenda ya mbuzi haitabadilika kwa ajili yenu. Kinachoweza kubadilika ni ile karatasi yenu.

Kazi njema.