Acheni Kuiita Shoti

Mtera tunaujua umeme. Bwawa letu kwenye Ruaha Mkuu linazalisha megawati 80, na wavuvi wa perege wamezoea kuona nyaya zikipita juu ya vichwa vyao kuelekea mijini. Labda ndiyo maana ukitaja tiba ya umeme kwa wagonjwa wa akili, wa kwanza kuruka ni watu wa kwetu: "Yaani mnampiga mtu shoti?"

Neno hilo ndilo ninalogombana nalo. Shoti ni ajali ya waya uliochunika. Tiba iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini, kwa namna inavyopaswa kufanywa leo, ni kitu kingine: mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, anapewa ya kulegeza misuli na oksijeni, kisha umeme wa sekunde chache unaamsha kifafa kifupi ndani ya ubongo. Kwa sonona kali, kwa mtu aliyeacha kula na kusema, ni vigumu kupata tiba inayoizidi.

Jirani yetu mmoja alifika huko. Mama mtu mzima, midomo imekauka, anageuzwa ubavu kama gunia. Ndugu wakakaa kikao. Mganga akakubaliwa, kamba ikakubaliwa, mkesha wa maombi ukakubaliwa. Umeme ukakataliwa, kwa huruma eti! Nikamuuliza mzee wa kikao kama kamba haiumi.

"Mwanangu, kamba tunaijua."

Wasomi wenzangu nao hawana nafuu. Wametazama sinema moja ya Marekani ya mwaka 1975, utafiti umekwisha. Hofu ina chanzo, sibishi: kwa miaka mingi tiba hii ilitolewa mgonjwa akiwa macho, mifupa ikivunjika, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba mtindo huo ukome. Kumbukumbu nazo huweza kupotea, nyingine zisirudi. Daktari anayemficha mgonjwa hilo kabla ya kutia sahihi ni wa kushtakiwa.

Basi tudai hayo: usingizi, mashine nzima, ridhaa. Lakini tukipiga kelele za "shoti", nani atabanwa anunue chochote? Mirembe pale Dodoma, hospitali ya tangu miaka ya 1920, tumeigeuza tusi la kwenye daladala. Mbunge gani ameulizwa, hata mara moja, wagonjwa wa pale wana wataalamu wa usingizi wangapi?