TAMKO LA TAWI: MTOTO WA ZIWANI HAKUIKATAA SAYANSI



Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa na kujadili udahili wa vyuo vikuu. Tunatamka haya:

*1. Kozi haichaguliwi kidato cha sita.* Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, Ufadhili wa Samia unawasomesha waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Tunaupongeza. Lakini mtoto wa Lituhi, Liuli au Umatengo aliyekosa mwalimu wa fizikia alishasukumwa mchepuo wa sanaa akitoka kidato cha pili. Kisha tunaambiwa watoto wetu hawapendi sayansi. Waliionja lini?

*2. Kuwabeba walioachwa nyuma si jambo geni nchini.* Azimio la Musoma la 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Wasichana wakapungua. Mwaka 1976 wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha mafunzo ya awali ya sayansi kwa wasichana ambao alama zao hazikutosha. Walifundishwa, wakapewa mtihani, waliofaulu wakadahiliwa. Hapo kiwango kilishuka wapi?

*3. Wanaosema "kila mtu apambane" watujibu:* anayefanya jaribio la kemia maabara na anayelichora tu kwenye daftari wameanzia mstari mmoja?

*TUNADAI:*
▪️ TCU ibaki na sharti la masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0. Ila kati ya waliolifikia, vyuo vitazame mtu kasoma shule ya namna gani.
▪️ Sehemu ya Ufadhili wa Samia itengewe kila wilaya, Nyasa na Mbinga zikiwemo.
▪️ Mafunzo ya awali yafunguliwe kwa wavulana na wasichana wa shule zisizo na maabara.
▪️ Walimu wa fizikia na hisabati waletwe, wajengewe nyumba, wakae.

*KAZI YETU:* Kila mwanachama ahudhurie kikao cha wazazi kabla watoto hawajachagua masomo ya kidato cha tatu. Aulize: fizikia inafundishwa na nani? Na mzazi asimwambie binti kwamba hesabu ni za kaka yake.

Tamko hili tunalipeleka kikao cha kata. Fedha za kahawa na dagaa zinalipa kodi kama fedha nyingine. Watoto wetu nao wahesabiwe.

Sambaza kwa wanachama wote.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi._