Mnunuzi wa kompyuta iliyotengenezwa anauziwa jina

Katika maduka ya kompyuta za mkononi zilizotumika, yawe ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, bei hupangwa kwa maneno machache: kampuni iliyounda mashine, kizazi cha prosesa, ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski, na mwisho kabisa neno linalopandisha bei kuliko yote, yaani "ina kadi". Maana yake ni kwamba mashine ina kadi ya picha ya kujitegemea, si ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Mhariri wa video za harusi, mchoraji wa ramani za nyumba na kijana wa michezo ya kompyuta huongeza fedha kwa ajili ya neno hilo moja, na mara nyingi fedha hizo ni za mkopo.

Tatizo ni kwamba wanacholipia ni jina. Kadi mbili zenye jina moja zaweza kupishana kwa kazi kama gari la tani tatu na gari la tani mbili, na hakuna dalili ya nje inayozitofautisha. Kwa mashine mpya hilo ni kero. Kwa mashine iliyopita mkononi mwa fundi ni hasara ambayo soko zima linaibeba, kwa sababu hakuna anayeandika popote kilichotoka na kilichoingia.

Mfano ulio wazi ni wa kadi ya GeForce MX150 ya kampuni ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2017. Mapema mwaka 2018 ilibainika kuwa zipo MX150 mbili. Moja iliruhusiwa kula umeme wa wati 25 na kuanzia mwendo wa megahezi karibu 1,470. Ya pili iliwekewa kikomo cha wati 10 na mwendo wa kuanzia wa megahezi karibu 940. Tofauti ya mwendo huo ni zaidi ya theluthi moja. Jina lilikuwa lile lile, idadi ya viini vya kukokotoa ile ile 384, na kibandiko kilichogandishwa pembeni ya kibodi kile kile. Kilichotofautiana ni namba ya kitambulisho cha kifaa: yenye nguvu ni 1D10, dhaifu ni 1D12. Mwaka 2019 ikaja MX250, nayo ikatoka kwa sura mbili hizo hizo, ya wati 25 na ya wati 10.

Ndugu yake wa nyuma kidogo, GeForce 940MX ya mwaka 2016, alikuwa na mgawanyiko wa aina nyingine. Baadhi ya kadi hizo zilifungwa kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti kama 40 kwa sekunde. Nyingine zilifungwa DDR3, inayopitisha kama 16. Muuzaji anayesema "940MX, GB 2" hajasema uongo. Amenyamazia tu jambo ambalo mnunuzi angelilipia au angelikataa.

Mtengenezaji ndiye aliyeanzisha mchezo huu, na ni haki lawama ya kwanza imfikie yeye. Lakini fundi ndiye anayeuongezea ugumu, pengine bila kukusudia, na hapo ndipo yafaa kueleza namna kazi yenyewe inavyofanyika.

Katika kompyuta nyingi za mkononi kadi ya picha si kadi. Ni chipu iliyolehemewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, pamoja na chipu za kumbukumbu zake. Chipu ikifa, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuipasha moto ili risasi iliyoachia ishike tena. Hiyo ni rahisi, na kwa kawaida haidumu. Ya pili ni kuing'oa na kuweka nyingine kwa mashine maalumu ya joto, kazi inayotaka fundi wa kweli na chipu sahihi. Ya tatu, ambayo imekuwa ya kawaida zaidi, ni kubadili bodi nzima kwa kuitoa kwenye mashine nyingine iliyovunjika kioo au iliyokufa betri. Bodi hiyo inaingia kwenye ganda, misumari inafungwa, mashine inawaka, na mteja anaambiwa imepona.

Imepona, lakini si ile. Kiwanda huunda bodi kadhaa kwa ganda moja: isiyo na kadi, yenye kadi ya GB 2, yenye kadi ya GB 4, yenye kadi ya jina hili na yenye jina lile. Fundi hutumia iliyopatikana. Kama mteja alileta mashine yenye kadi kubwa na bodi iliyopatikana ni ya kadi ndogo, mashine itawaka vile vile, na kibandiko cha zamani kitabaki pale pembeni ya kibodi kikitoa ushahidi wa kitu ambacho hakimo tena.

Zipo pia mashine ambazo kadi yake huchomolewa kweli, nazo zina wapenzi wengi sokoni kwa sababu ni imara. HP ZBook 15 iliyotoka mwaka 2013 ni mojawapo. Iliuzwa ikiwa na kadi za Quadro K610M, K1100M au K2100M. Ya kwanza ina viini 192, ya pili 384, ya tatu 576. Ni moja kwa mbili kwa tatu, ndani ya ganda lile lile, kwenye sehemu ile ile ya kuchomeka. Anayetaka kuhamisha K2100M kutoka mashine ya mteja kwenda mashine ya kuuza, na kurudisha K610M mahali pake, anahitaji bisibisi na muda wa kikombe cha chai. Si lazima kila fundi awe mwizi ili jambo hilo liwe la hatari. Inatosha kwamba mteja hana namna ya kulijua.

Na mafundi wengi si wezi. Fundi wa mtaa wa Agrey analetewa mashine ya mwaka 2014 na mtu anayeitaka keshokutwa. Bodi zilizopo mjini ni mbili, na moja imekwisha kuguswa na fundi mwingine. Anafanya kinachowezekana. Kosa lake ni kutoandika. Kwa kutoandika, anajiweka pamoja na yule wa bisibisi, na soko haliwezi kuwatenganisha.

Wasomi wa uchumi wamelijua jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu magari yaliyotumika, akaonyesha kuwa pale muuzaji anapojua ubora wa gari na mnunuzi hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani tu. Mwenye gari zuri huiona bei hiyo ndogo, akaliondoa gari lake sokoni. Yanabaki mabovu, wastani unashuka, bei inashuka tena. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo. Weka "kompyuta" mahali pa "gari" na habari ni ile ile: mwenye ZBook yenye K2100M iliyo safi hapati bei yake, kwa sababu mnunuzi aliyewahi kuumwa humlipa kana kwamba anauza K610M. Basi mashine nzuri huuzwa kimya kimya kati ya watu wanaofahamiana, na meza za duka hubaki na zile zisizojulikana.

Historia ya soko hili inaongeza sababu ya kushuku. Julai 2008 NVIDIA yenyewe ilitangaza kutenga dola za Marekani milioni 150 hadi 200 kugharimia matengenezo ya chipu za picha za kompyuta za mkononi, zilizokuwa zikifa kabla ya wakati kwa sababu ya udhaifu wa malighafi za ufungashaji wake na joto la mashine. Mwaka huo huo Apple ilikubali kutengeneza bure MacBook Pro zilizokuwa na GeForce 8600M GT zenye kasoro hiyo. Chipu zilizoboreshwa zilikuja baadaye kwa jina lile lile la biashara. Aliyetaka kujua yake ni ya zamani au ya baadaye alilazimika kusoma maandishi madogo juu ya chipu yenyewe, yakiwemo tarakimu nne za tarehe, ambapo 0748 ni wiki ya 48 ya mwaka 2007. Yaani tangu wakati huo jina lilikuwa halitoshi.

Siku hizi mambo hayajawa mepesi. Tangu mwaka 2021 NVIDIA iliacha kutumia alama ya Max-Q kutenganisha kadi za mashine nyembamba na za mashine nene. RTX 3060 ya kompyuta ya mkononi yaweza kuwa ya wati 60 au ya wati 115, na jina ni hilo hilo moja. Kompyuta hizo sasa zinaingia kwenye meza za mtumba, na "ina 3060" imekwisha kuwa kauli ya kutajia bei.

Nini kifanyike? Jibu ni dogo kuliko tatizo, na ndiyo maana inashangaza kuwa halijafanyika. Namba inayotenganisha kadi hizi imo ndani ya kila mashine ya Windows, katika orodha ya vifaa vyake. Ukifungua kadi ya picha, ukaenda sehemu ya maelezo na kuchagua vitambulisho vya kifaa, utaona mstari unaoanza na VEN_10DE iwapo ni NVIDIA, au VEN_1002 iwapo ni AMD. Zinazofuata baada ya DEV ndizo herufi na tarakimu nne za kadi yenyewe, kama zile 1D10 na 1D12. Mbele yake kuna SUBSYS, na nne za mwisho za sehemu hiyo kwa kawaida hutaja kampuni iliyounda mashine: 103C ni HP, 17AA ni Lenovo, 1028 ni Dell. Mashine ya Dell inayoonyesha 103C haijathibitisha wizi, lakini muuzaji ana swali la kujibu.

Namba peke yake haisemi kila kitu. Aina ya kumbukumbu, GDDR5 au DDR3, huonekana kwa programu ya bure ya GPU-Z, ambayo inaingia kwenye flashi na inafanya kazi bila kusimikwa. Kwa kadi za kuanzia familia ya RTX 30, kikomo cha wati huonekana katika taarifa za mfumo ndani ya programu ya NVIDIA yenyewe. Yote hayo hayazidi dakika tano, tena mbele ya mteja.

Kwa hiyo fundi anapopokea mashine inayowaka, aandike mistari hiyo kwenye karatasi ya mapokezi. Anapoirudisha, aiandike tena. Mashine isiyowaka haisomeki, lakini namba ya bodi iliyochapwa juu yake inasomeka, na chipu pia ina maandishi yake. Picha ya simu inatosha. Muuzaji naye aiweke namba kwenye stakabadhi. Mashine za kielektroniki za kutolea stakabadhi zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, lakini stakabadhi nyingi za bidhaa hii bado husema "laptop 1" na bei, maelezo ambayo hayamsaidii mtu yeyote akirudi na malalamiko.

Sheria haikosekani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Lakini hata Tume ya Ushindani haiwezi kumsaidia mlaji ambaye maelezo aliyouziwa ni neno "ina kadi", kwa kuwa kadi imo. Ni namba iliyoandikwa inayoipa sheria kitu cha kushika.

Wapo wafanyabiashara watakaosema kuwa karatasi hizo zitawafukuza wateja au kuongeza gharama. Hoja ya gharama haina uzito mbele ya kazi ya dakika tano. Hoja ya kufukuza wateja ina ukweli kidogo: mwenye mzigo wa kadi dhaifu ataona baadhi ya wateja wakihamia meza ya jirani. Lakini mzigo huo una wanunuzi wake halali. Mhasibu wa duka la jumla anayefanya hesabu na kuandika barua hana haja ya viini 576. Atafurahi kupata ZBook yenye K610M kwa bei iliyopungua, akijua ni K610M. Yule wa video za harusi ataongeza fedha kwa K2100M iliyoandikwa, kwa sababu Jumamosi ikifika na kazi ya wateja wawili haijatoka, tofauti ya kadi hizo ni usiku mzima wa kusubiri, na wakati mwingine ni malipo ya awali kurudishwa. Tayari baadhi ya wanunuzi huja dukani na flashi yenye programu ya kukagulia mfukoni, na muuzaji anayewakataza kuichomeka huwaona wakielekea duka linalofuata.