Tusafishe Anwani Kabla ya Kuhukumu Kurasa

Shule zenye tovuti zimezoea kupima thamani ya kila ukurasa kwa idadi ya mara unaposomwa. Sina ugomvi na zoea hilo. Ugomvi wangu ni na ripoti zenyewe, ambazo aghalabu huuhesabu ukurasa mmoja kana kwamba ni kurasa nyingi, kisha mwalimu akaambiwa kuwa maandishi yake hayasomwi.

Tuchukue ukurasa wa maelezo ya ushairi, ambao anwani yake ni /ushairi. Mwanafunzi mmoja huandika /ushairi/ kwa mkwaju mwishoni, mwingine /Ushairi kwa herufi kubwa. Wengine huufikia kupitia Facebook, ambayo tangu 2018 hubandika mwishoni mwa anwani alama ya kuuliza, neno fbclid na msururu wa herufi, na kila mbofyo huja na msururu wake. Tuseme seva inazikubali zote. Ukurasa uliofunguliwa mara 400 utaonekana una 130 hapa, 90 pale, 60 kwingine, na 120 zilizosalia zitatawanyika mojamoja chini kabisa ya orodha. Ukurasa wa karo uliofunguliwa mara 200 kwa anwani moja utaupita. Wakubwa wakipunguza kurasa, ushairi ndio utakaofutwa.

Tiba iko kwanza katika tovuti yenyewe: seva iamriwe kumpeleka msomaji kwenye anwani moja teule. Ile alama ya anwani teule waliyoikubali Google, Yahoo na Microsoft mwaka 2009 huzisaidia injini za utafutaji. Haiunganishi safu za ripoti, ingawa wapo mafundi wanaodhani hivyo.

Kisha ripoti ikatwe mikia isiyobadilisha yaliyomo. Hapa pana hatari. Fbclid ni mkia mtupu, lakini ?id=7 na ?id=8 huenda zikawa kurasa mbili, moja ya methali na nyingine ya ngeli. Anayefyeka kila kitu baada ya alama ya kuuliza atazichanganya.

Isitoshe, mara za kufungua hujumlishika, ila idadi ya watu haijumlishiki: aliyeingia kwa anwani mbili amehesabiwa kotekote. Mwalimu wa Hisabati anayefundisha seti ana mfano tayari.

Marekebisho mengi ya aina hii huanza kazi siku yanapowekwa, wala hayarudi nyuma. Kwa hivyo shule inayokusudia kufuta kurasa mwishoni mwa muhula haina budi kuziunganisha safu za muhula huu kwa mkono.