Bata Hajaibiwa, Hajajua Kwao



Tangu Ushirika wetu ugawe bata, ofisini kwangu watu hawakauki. Huyu bata wake wametoroka wote. Yule kamwona bata wake kwa jirani, na jirani naye anasema ni wake. Juzi nusura watu wawili wanaopakana majaruba miaka yote washikane mashati kwa ajili ya jike mmoja mweupe. Sasa mimi nauliza, bata mweupe ana alama gani? Weupe wote si ni weupe!

Mawazo yangu ni haya: wengi wa bata hawa hawajaibiwa. Wamefunguliwa mapema mno.

Bata si mkungu wa ndizi, kwamba ulipouweka ndipo utakapoukuta. Huyu kaletwa kwenye tenga kutoka kijiji kingine, hajui kwako. Ukimfungulia siku ya 2 atafuata maji, na kwetu hapa maji yako kila mahali: mfereji, majaruba, mto. Basi afungiwe bandani au ndani ya uzio wiki 2 nzima. Humo ale, anywe, alale. Wapo wanaosema wiki 1 inatosha. Labda kwenye kijiji kikavu, siyo hapa.

Zikiisha hizo wiki 2, usimfungulie asubuhi. Mfungulie jioni kabla hajala, njaa ikiwa inamuuma, kisha umwite ale. Kesho yake umwongezee muda kidogo, na keshokutwa hivyo hivyo. Chakula cha jioni kiwe saa ileile, mahali palepale, na ugonge debe lilelile. Bata akishajua kwamba debe ni pumba na chenga za mchele, utamwona anakuja mbio mwenyewe, wenzake nyuma yake mstari mmoja.

Maji nayo yasikosekane uani. Bata hahitaji bwawa. Karai linatosha, mradi aweze kutumbukiza mdomo mpaka kwenye matundu ya pua ayasafishe. Asipoyapata kwako atayafuata kwa mwenzio. Halafu kuna waliogawana bata na mashemeji, nyumbani akabaki mmoja tu. Bata mmoja hakai jamani, atafuata sauti za wenzake.

Wale wanaofunga bata kamba mguuni sikubaliani nao kabisa. Mguu wa bata si wa mbuzi. Unateguka, unavimba, na usiku kicheche akija bata hana pa kukimbilia.

Hawa wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati, wanaruka kweli, hasa majike, na wanapenda kulala mtini. Kwao mkasi unafaa. Kata manyoya marefu ya bawa MOJA tu, ili akirukaruka apepesuke. Ukikata mawili anaweza bado kuinuka. Unyoya unaochipua ndani yake una damu, huo usiuguse. Akipukutika yataota mapya, nawe utakata tena.

Tena kabla hujamtaja mtu kwa wizi, tazama nyuma ya choo, chini ya migomba, kwenye nyasi ndefu. Jike hupenda kujificha akatage na kuatamia, na huyu mwenye uso mwekundu huatamia siku 35 hivi, siyo 21 kama kuku. Bata wa aina nyingine ni siku 28. Wenzangu wa kisomo cha watu wazima, hapa ndipo pa kutumia kalamu: siku jike asipoonekana, andika tarehe kwa mkaa mlangoni mwa banda, uhesabu. Pengine unamgombeza jirani na huku bata wako yuko hatua 20 anakulalia mayai. Na wanaotaga wasifunguliwe kabla ya saa 3 asubuhi, maana bata hutaga alfajiri. Ukimtoa mapema, yai litaokotwa na watoto wa watu huko majarubani.

Sasa niseme na hili, hata kama wengine watanuna. Kamati iligawa bata bila kukagua mabanda. Na waliokwenda kwenye mafunzo karibu wote walikuwa wanaume, wakati wanaowalisha bata ni akina mama na watoto. Mume karudi na daftari, kaliweka juu ya kabati, na mama hajaambiwa neno! Mgao unaofuata uanzie kwa nyumba yenye banda, na mafunzo waende akina mama.

Wengine wanataka baraza liweke faini. Mimi nasema baraza lisipokee shauri la bata mpaka mlalamikaji aonyeshe banda lake na aeleze aliwafungia siku ngapi. Nitalipeleka hilo kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi, wasiokubali waje tubishane.

Daftari la alama za bata liko ofisini. Kila nyumba ichague rangi yake ya kitambaa cha kuvalisha bata mguuni, kilegee kiasi cha kidole kupita. Nyekundu na bluu zimekwisha chukuliwa.

Katibu wa Tawi