Majengo ya Kakira ni Amana

Askari anapokabidhiwa bunduki, namba yake huandikwa daftarini, maana iko siku ataulizwa ilipo. Nyumba nazo zina siku yao ya kuulizwa. Tunayasema haya tukiyafikiria majengo ya zamani ya Jinja na Kakira, nchini Uganda.

Muljibhai Madhvani alizaliwa India mwaka 1894, akafika Uganda akingali kijana mwaka 1908. Mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kilianza kazi Kakira, karibu na Jinja. Kandokando yake zikasimama nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Yeye alifariki mwaka 1958.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka na nyumba zao zikagawanywa, na wengi waliozipata walikuwa askari. Matokeo yake yanajulikana. Mtu aliyepewa nyumba asiyoijenga, wala hana hati yake, hazibi paa. Huchukua kilichomo akaiacha ivuje. Uganda, iliyotengeneza tani 152,000 za sukari mwaka 1968, mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vyake vilikuwa karibu vimekufa, na askari akaikosa sukari sawa na raia. Ukoo wa Madhvani ulirudi Kakira mwaka 1985, kazi ya kufufua ikaanza.

Wako watakaouliza: ya nini kulinda kumbukumbu ya tajiri? Tunawajibu kwamba miwa ile ilikatwa kwa mikono ya watu wa West Nile, Kigezi na Rwanda. Kuta zile zina jasho la wazee wetu. Anayezibomoa hamkomoi Madhvani. Anafuta kazi ya babu yake mwenyewe.

Uganda imepata sheria mpya ya makumbusho na majengo ya kale mwaka 2023. Lakini sheria haikeshi nje usiku. Anayekesha ni askari wa zamu. Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu wa jeshi na polisi, popote walipo: mkiitwa kusimamia ubomoaji, ombeni kwanza hati na kibali. Mkipangiwa nyumba ya zamani, msing'oe mlango kuwa kuni wala bati kuliuza. Ikabidhini kwa mwenzenu kama mlivyoipokea, au bora zaidi.

Nchi hulindwa mipakani; hulindwa pia kwa kuziba paa linalovuja.